Simu Iliyoharibika Vibaya na Waranti ya Nyongeza: Nani Analipa, na kwa Sharti Gani

Mteja anayefika kituo cha huduma akiwa na simu iliyopitiwa na gurudumu la gari huamini kwamba anadai ahadi moja aliyopewa siku aliyonunua. Kwa kweli huenda ana ahadi tatu, zilizotolewa na watu tofauti, kila moja ikiwa na muda wake na mipaka yake. Ya kwanza hutolewa na sheria na humfunga muuzaji. Ya pili hutolewa na mtengenezaji bila malipo ya ziada, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Ya tatu ni mkataba wa nyongeza ambao mteja ameununua kwa fedha yake, ama kwa mkupuo siku ya manunuzi ama kwa malipo ya kila mwezi. Simu ikiwa na hitilafu ndogo, kuzichanganya ahadi hizi hakuumizi sana, kwa kuwa mmojawapo wa watoaji ataishughulikia. Simu ikiwa imeharibika kiasi cha kuhitaji kubadilishwa nzima, kuzichanganya kunaweza kumgharimu mteja bei kamili ya simu nyingine.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amehakikisha kwamba bidhaa ina ubora unaostahili, awe ametamka hivyo au hakutamka, na Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo nayo inaweka ndani ya kila mauzo masharti kuhusu ubora na kufaa kwa matumizi hata kama hayakuandikwa kwenye risiti. Katika Umoja wa Ulaya kinga ya kisheria haipungui miaka miwili. Jambo hili lina uzito wa fedha. Mwezi Desemba mwaka 2011, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro 900,000 kwa sababu, pamoja na mambo mengine, wateja walikuwa wakiuziwa mpango wa nyongeza wa AppleCare bila kuelezwa sawasawa kwamba sehemu ya kinga hiyo tayari walikuwa nayo bure kwa mujibu wa sheria. Mteja yeyote anayeombwa alipie waranti ya nyongeza ana haki ya kuuliza swali lile lile: je, ninauziwa kitu ambacho sikuwa nacho?

Jibu linategemea chanzo cha uharibifu. Sheria na waranti ya mtengenezaji zinashughulikia kasoro, yaani ubovu uliotoka na simu kiwandani au uliojitokeza katika matumizi ya kawaida: betri inayokufa kabla ya wakati, kioo kinachopoteza mguso bila kuguswa na chochote, simu inayojizima yenyewe. Hazishughulikii ajali. Simu iliyoanguka kutoka ghorofani, iliyokaliwa kwenye kiti cha daladala hadi ikapinda, au iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, haina kasoro ya kiwandani, na mtengenezaji hawajibiki kwayo hata kama ilinunuliwa jana. Hapa ndipo mkataba wa nyongeza unapopata maana yake, mradi uwe kweli unataja ajali. Mikataba mingine inayouzwa kwa jina la waranti ya nyongeza hurefusha tu ile waranti ya kasoro kwa mwaka mmoja au miwili zaidi, na mwenye simu iliyopondwa akiwa nayo ni sawa na asiye na kitu. Mtu anayesoma mkataba kabla ya kulipa, kama atatazama jambo moja tu, basi atazame hili: je, umeandikwa kuwa unalipia uharibifu wa bahati mbaya?

Maji yanastahili maelezo ya peke yake, kwa sababu hakuna eneo ambalo matangazo na masharti yametengana kiasi hiki. Simu nyingi za bei ya juu hutangazwa kuwa na kiwango cha IP68, yaani kipimo cha kustahimili vumbi na maji, na picha huonyesha watu wakiwa nazo bwawani au ufukweni. Kiwango hicho hupimwa maabara, katika maji baridi yasiyo na chumvi yaliyotulia, kwa kina na muda uliowekwa na mtengenezaji mwenyewe, na simu ikiwa mpya. Maji ya bahari, sabuni, mvuke, na mpira wa kuzibia uliochoka baada ya mwaka mmoja havimo katika kipimo hicho. Wakati huohuo, waranti za kawaida za watengenezaji hao hao hukataa uharibifu wa maji. Mwezi Novemba mwaka 2020 Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 kwa jambo hilo, na mwezi Juni mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru Samsung ya nchini humo ilipe dola milioni 14 za Australia kwa matangazo yaliyopotosha kuhusu simu za Galaxy kustahimili maji. Faini hizo hazibadilishi masharti ya waranti ya msomaji wa Tanga au Mombasa. Zinaonyesha tu kwamba tangazo si mkataba, na kwamba anayekaa karibu na bahari anahitaji kinga ya ajali zaidi kuliko anavyoaminishwa na picha ya tangazo.

Ili kuona mkataba wa ajali unavyofanya kazi, AppleCare+ ni mfano mzuri, kwa sababu masharti yake yako wazi na yamebadilika mbele ya macho ya watu. Ulianza mwezi Oktoba mwaka 2011 nchini Marekani pamoja na iPhone 4S, kwa dola 99 kwa miaka miwili, ukiruhusu ajali mbili, na kila ajali mteja akichangia dola 49. Mwaka 2020 ajali mbili zikawa za kila miezi kumi na miwili, na tangu Septemba mwaka 2022 idadi ya ajali haina kikomo. Kwa masharti ya Marekani mteja huchangia dola 29 kwa kioo cha mbele au cha nyuma, na dola 99 kwa uharibifu mwingine wa bahati mbaya. Tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo inayowashangaza wenye simu zilizoharibika vibaya. Mtu anaona kioo kimepasuka na anategemea kulipa dola 29, lakini fundi anaiweka simu juu ya meza iliyonyooka, anaibonyeza pembeni, na simu inacheza kama sahani iliyopinda. Fremu imepinda, kioo kipya hakitakaa, na madai yanahama kutoka kundi la kioo kwenda kundi la uharibifu mwingine. Hakuna dhuluma hapo, mkataba ndivyo ulivyoandikwa. Bado, dola 99 ni sehemu ndogo ya bei ya simu mpya, na kwa aliyepondewa simu nzima hapo ndipo mpango unapolipa faida yake yote.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba simu ikiharibika zaidi ndivyo haki ya kubadilishiwa inavyokuwa na nguvu zaidi. Ukweli ni kwamba uharibifu mkubwa unaleta maswali ambayo uharibifu mdogo hauleti, na la kwanza ni kama simu ipo. Mkataba wa uharibifu hubadilisha simu kwa simu: mteja hukabidhi iliyoharibika, na iliyokabidhiwa huwa mali ya kampuni. Simu iliyozama baharini kutoka kwenye kivuko cha Kigamboni, au iliyotumbukia kwenye choo cha shimo, kwa macho ya mwenyewe imeharibika kabisa, lakini kwa macho ya mkataba imepotea, na kupotea ni kinga nyingine inayouzwa kwa bei nyingine. Katika mfano wetu, kinga ya wizi na upotevu iliongezwa mwaka 2018, ina mchango wake wa dola 149 kwa kila dai nchini Marekani, na inadai kwamba huduma ya kutafuta simu iwe imewashwa wakati simu ilipopotea. Aliyeizima ili kuokoa chaji hana dai.

Swali la pili ni kama simu imekamilika. Masharti hutaka simu irudishwe na vipande vyake vyote vya asili. Gari likipita juu ya simu, vipande hutawanyika barabarani, na mwenye simu kwa haraka huokota kile kinachofanana na simu na kuacha kilichobaki. Afadhali akae dakika chache zaidi na kukusanya kila kitu: kisahani cha laini, kipande cha kamera, mfuniko wa nyuma, hata vioo vikubwa, avitie vyote ndani ya mfuko mmoja. Kipande kikikosekana, hasa bodi au betri, kampuni ina nafasi ya kudai kwamba simu ilifunguliwa ili vipuri viuzwe, na hilo ni dai gumu kulikanusha mtu akiwa na mfuko wa vipande mkononi.

La tatu ni kama simu inatambulika. Mkataba haufungwi na mtu pekee, umefungwa na simu moja yenye nambari yake ya IMEI ya tarakimu 15. Simu inayowaka huonyesha nambari hiyo kwa kubonyeza *#06#. Simu iliyokufa haionyeshi chochote. Nambari ile ile huandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwenye risiti, katika akaunti ya mtandaoni ya mwenye simu, na kwa baadhi ya modeli za iPhone imechongwa kwenye kisahani cha laini, kwa maandishi madogo yanayohitaji mwanga wa pembeni ili yasomeke. Anayetupa boksi siku ya kwanza anatupa ushahidi wake. Picha ya lebo ya boksi na ya risiti, ikihifadhiwa nje ya simu yenyewe, inatosha, na kwa kweli sijui hatua nyingine ndogo inayookoa madai mengi kiasi hicho.

La nne ni chanzo. Mikataba ya ajali hukataa uharibifu wa makusudi na ule wa uzembe uliopita kiasi. Kaunta ya huduma haihitaji kuamini hadithi peke yake. Fundi huchomoa kisahani cha laini, humulika tochi ndani ya tundu, na kutazama alama ndogo ambayo huwa nyeupe ikiwa kavu na hugeuka nyekundu ikiguswa na maji. Mikwaruzo ya bisibisi kwenye skrubu huonekana, gundi iliyowekwa upya huonekana, na kioo kisicho cha asili hujulikana mara simu inapofunguliwa. Mteja mwenye mkataba wa ajali hana sababu ya kuficha kwamba simu iliingia maji au ilianguka, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoyalipia. Wengi hujiharibia kwa kusema “ilijizima tu yenyewe,” wakidhani kasoro ndiyo hulipwa, halafu alama nyekundu inawasuta na dai halali linaanza kutiliwa shaka.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa hali zetu, ni kumpelekea simu fundi wa mtaani kwanza. Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue wana ujuzi ambao vituo vingi rasmi havina, na kwa simu isiyo na mkataba wao ndio tegemeo. Lakini simu yenye mkataba wa nyongeza ikifunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, mkataba wenyewe kwa kawaida umetaja hilo kuwa sababu ya kukataa. Nchini Marekani sheria ya waranti ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kuivunja waranti kwa sababu tu mteja alitumia fundi au kipuri cha nje, na mwaka 2018 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilizionya kampuni sita kuhusu lugha ya namna hiyo. Ulinzi huo ni wa huko, na hauwezi kutegemewa kwenye kaunta ya Nairobi au Dar es Salaam. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza mtoa mkataba, na fundi wa mtaani baada ya jibu la kukataliwa kwa maandishi.

Kizuizi kingine hakihusiani na kuvunjika. Tangu mwaka 2013 iPhone hufungwa na akaunti ya mwenyewe ili mwizi asiweze kuitumia, na simu za Android zikafuata kwa kinga kama hiyo kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2015. Kituo cha huduma hakipokei iPhone iliyofungwa kwa kubadilishwa, kwa sababu hakiwezi kujua kama anayeileta ndiye mwenyewe. Simu yenye kioo kizima hufunguliwa kwa kugusa mara chache. Simu iliyopondwa haiguswi. Suluhisho ni kuingia kwenye akaunti hiyo kwa kompyuta au simu ya mtu mwingine na kuiondoa simu iliyoharibika kwenye orodha. Tatizo huja pale nenosiri lilipowekwa na kijana wa dukani siku ya manunuzi kwa barua pepe ambayo mwenye simu haijui, jambo ambalo ni la kawaida sana kwetu. Mwenye simu nzima leo anaweza kulimaliza kwa kuhakikisha akaunti ni yake, nenosiri analo, na namba ya kuthibitishia ni laini anayoimiliki.

Dai likikubaliwa, uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha ni wa kampuni, si wa mteja. Kampuni hulinganisha gharama ya kutengeneza na thamani ya simu, na ikiona kutengeneza hakulipi, hubadilisha. Simu inayotolewa inaweza kuwa mpya au iliyokarabatiwa kiwandani kwa vipuri ambavyo kampuni inavihesabu kuwa sawa na vipya kwa utendaji. Katika waranti ya Apple, simu hiyo hubeba muda uliobaki wa waranti ya awali au siku 90, kutegemea upi ni mrefu. Mikataba ya maduka hutofautiana zaidi: mingine hutoa modeli nyingine ya “thamani inayolingana,” mingine hutoa vocha ya dukani, na mingine hupunguza thamani kadiri miezi inavyopita, hivi kwamba simu iliyonunuliwa kwa shilingi 900,000 huweza kulipwa nusu yake baada ya mwaka na nusu. Jedwali la upunguzaji huo, kama lipo, huwa ukurasa wa nyuma, baada ya yale maneno “vigezo na masharti kuzingatiwa” ambayo redioni husomwa mbio mbio. Baada ya kupewa simu nyingine, mteja ahakikishe kwamba mkataba umehamishiwa kwenye IMEI mpya na apewe maandishi ya kuthibitisha hilo, kwa maana bila hivyo ajali inayofuata itaikuta simu isiyo na kinga.

Kuna kundi la watu ambalo linastahili tahadhari ya pekee: wale wanaotumia simu zilizonunuliwa na ndugu aliyeko Dubai, London au Minneapolis. Ndugu amelipia mkataba kwa nia njema, simu imefika Arusha, na imepondeka Arusha. Waranti ya mtengenezaji huweza kuwekewa mpaka wa nchi iliyouzwa, huduma na viwango vya mchango hutofautiana nchi hadi nchi, na Apple haina maduka yake yenyewe Tanzania wala Kenya. Wazo la kwanza la familia huwa kuituma simu ilikotoka. Hapo kuna katazo lisilohusu waranti kabisa: kanuni za usafiri wa anga zinakataza betri za lithiamu zilizoharibika, zinazoweza kushika joto au moto, kusafirishwa kwa ndege, iwe kwenye mzigo wa abiria au kwenye shehena. Simu iliyopinda, iliyotoboka au iliyovimba mgongo iko moja kwa moja ndani ya katazo hilo. Si ukali wa watu wa forodha. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka ndani ya begi, na moto wake ni mgumu kuuzima. Simu kama hiyo isichajiwe, isibonyezwe, isiwekwe chini ya mto au ndani ya gari juani, na isipewe msafiri aifiche kwenye nguo. Familia inayotarajia kutuma simu nyumbani inafanya vema kutolipia mkataba wa ughaibuni, na fedha hiyo itumike kununua simu ambayo mtengenezaji wake ana kituo karibu. Chapa za Tecno, Infinix na itel, kwa mfano, huhudumiwa na Carlcare, ambayo ina vituo Afrika Mashariki.

Simu za mkopo wa kila siku nazo zina hesabu yake. Mnunuzi akivunja simu kabla ya kumaliza malipo, deni halivunjiki nayo, isipokuwa mkataba wa mkopo umebeba bima ya simu ndani yake. Wapo wakopeshaji wanaoiweka, na gharama yake tayari imo katika malipo ya kila siku, ila mteja hajui kuwa anayo na hadai. Aulize kabla ya kuanza kulipa deni la simu iliyokufa.

Kuhusu vilivyomo ndani ya simu, mkataba hauvilipii. Picha, mazungumzo na namba za watu ambavyo havikuhifadhiwa nakala hubaki kwenye simu iliyokabidhiwa, na kituo hakina wajibu wa kuvitoa. Fedha za M-Pesa na mitandao mingine hazipotei, kwa kuwa akaunti imeunganishwa na laini ya simu, si kifaa. Laini itolewe na kutunzwa kabla simu haijakabidhiwa.

Dai likikataliwa, mteja aombe sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumika. Kukataliwa kwa mdomo hakujibiki, bali kifungu kinaweza kusomwa na kupingwa, na kanuni ya sheria za mikataba tuliyoirithi kutoka Uingereza inasema kwamba maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Aangalie pia nani hasa amesimama nyuma ya mkataba. Ikiwa ni bima, Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na Kenya ni Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Ikiwa ni ahadi ya duka au mtengenezaji, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani Tanzania, au Mamlaka ya Ushindani Kenya. Mkenya ana njia moja zaidi ambayo inafaa sana madai ya ukubwa huu: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mdai anaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Atakachohitaji kubeba ni risiti, mkataba, ile barua ya kukataliwa, na picha za simu zilizopigwa kabla haijaguswa na mtu yeyote.